Shati Lisilo na Alama

Mimi na Mungu tulikuwa hatusemezani tangu mwezi wa tatu. Sikumtukana, wala sikumkana mbele ya watu. Nilimnunia tu, kama mtu anavyomnunia jirani: unampita, unaangalia pembeni, maisha yanaendelea. Jumapili nilikuwa nafua. Watu wakipita na vitabu vyao vya nyimbo kwapani walinikuta nimeinamia beseni, na mtu aliyeinamia beseni ana sababu ya kutoinua uso.

Kufua ndiyo kazi yangu. Nimefua nguo za watu kwa miaka thelathini na minne, na mtaa mzima unaniita Mama Povu. Mume wangu alikuwa ananyoosha. Walimpa majina mengi, lakini lililomganda ni Bwana Pasi, na alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Mimi nilikaa uani na maji, yeye alikaa chumba cha mbele na moto. Watu wakitutania kwamba ndoa ya maji na moto haidumu, aliwajibu kwamba bila maji na moto hakuna chai.

Alikuwa na tabia yake kazini. Kila nguo aliyoiweka mezani aliisemea neno kwa Mungu, kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu aliyekaa kwenye kiti cha pili. Hakufumba macho, maana anayefumba macho na pasi mkononi anaunguza nguo za watu. "Huyu wa suruali ya kijivu, safari hii apate kazi." "Mwenye shuka hizi anauguza, mpe usingizi." "Huyu wa gauni la maua ana mdomo, lakini moyo anao." Mimi nilimcheka kutoka uani. Nilimwambia Mungu hahitaji kukumbushwa na dobi. Alisema hamkumbushi Mungu, anajikumbusha mwenyewe, halafu akaniomba nisimpigie kelele ataruka mstari wa suruali.

Nguo moja tu hakuiombea, nayo ni kitambaa cha madhabahuni. Kanisa lilituletea kila Krismasi, na yeye alikinyoosha cha mwisho, baada ya kufuta meza. "Huyu mwenye kitambaa hiki tutamwombea kwa nani?" aliniuliza kila mwaka, kama vile ndiyo kwanza limemjia. "Huyu tunamsalimia tu." Akainamisha kichwa kidogo, akasema "Shikamoo," akashusha pasi.

Alikuwa mtu wa salamu. Hata tukigombana usiku, na mimi nilikuwa nagombana kweli, sikuumbwa na maneno machache, asubuhi alikuja na kikombe cha chai akaniamsha. "Umeamkaje, mama?" Mimi nimegeukia ukuta. Anaweka kikombe chini. "Usipoitikia leo utaitikia kesho. Mimi nimeshasalimia."

Aliugua wiki tatu. Niliomba wiki zote tatu, kwa magoti, pembeni ya kitanda, mpaka ngozi ya magoti ikawa ngumu kama ya viganja. Akafa vilevile, asubuhi moja, kabla sijafika kwenye amina. Siku ya mazishi mchungaji akasema Mungu huchuma maua anayoyapenda. Nikasema moyoni, bustani yako ni kubwa, mimi nilikuwa na ua moja. Kuanzia hapo nikanyamaza.

Pasi yake ya mkaa niliifunga kwenye gunia nikaisukuma chini ya meza. Wateja nikawaambia nafua tu, kunyoosha kumeondoka na mwenyewe. Wengine walihama. Wengine walibaki kwa huruma, wakawa wanapokea nguo zao zimekunjamana na kunishukuru kwa sauti ya chini, na hilo lilinichosha kuliko kufua mablanketi.

Kitu kimoja sikukifua. Nyuma ya mlango wa chumbani kuna msumari, na kwenye msumari lilining'inia shati lake jeupe, lile alilovua jioni ile kabla hajalala na kutoamka vizuri tena. Dobi mwenye shati chafu ndani ya nyumba yake kwa miezi tisa! Mganga hajigangi, nadhani. Kila asubuhi, kabla sijawasha jiko, nililishusha nikaingiza pua ndani ya kola. Mle ndani alikuwemo. Najua harufu zinavyotoka, ndiyo kazi yangu kuzitoa, kwa hiyo nilijua kila mwezi alikuwa anapungua. Lakini alikuwemo. Nilijiambia kwamba siku kola ikinyamaza ndipo nitakuwa mjane kweli, na niliiogopa siku hiyo kuliko nilivyoogopa mazishi.

Siku moja kabla ya Krismasi mvua iliamka kabla yangu. Si mvua ya kishindo, ni ile ya kunyunyiza, adui wa dobi, isiyokoma wala kukolea. Nyumba ilikuwa baridi. Nilikuwa nimekaa jikoni, mikono imezunguka kikombe, simu ikalia. Ni binti yetu. Yeye ni muuguzi, mbali, safari ya siku mbili, na mwaka huo alipangiwa zamu ya sikukuu.

"Mama, umeamkaje?"

"Nimeamka, ndiyo habari yenyewe."

"Kesho utaenda kanisani na shangazi?"

"Tutaona mvua itasemaje."

"Mama. Mvua haijawahi kukuzuia kitu."

"Hainizuii kufua. Kuimba ni kazi nyingine."

Akacheka. Nilisikia vigurudumu vya kitanda vikipita nyuma yake. "Sipendi ukiwa peke yako leo," akasema.

"Nina mabeseni manne hapa, peke yangu wapi? Haya nenda, wagonjwa wanakusubiri."

Alipokata simu, kimya cha nyumba kilikuwa kikubwa kuliko kabla hajapiga. Nilikwenda chumbani nikashusha shati, na kwa mara ya kwanza nikalitupia mabegani. Sikuwahi kulivaa, nilikuwa nachelea harufu yangu isije ikaifunika yake. Lakini asubuhi ile nilitaka mikono ya mtu mabegani, na mikono iliyokuwepo ilikuwa hiyo mitupu ya shati. Nikakaa nayo chumba cha mbele, kwenye kiti, kando ya meza yake ya kazi.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Sauti ile naijua hata nikiwa usingizini. Ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu, anayetunza vitambaa vya kanisa, mwenye ulimi usiotunzika. Sikutaka anikute hivyo. Nikavua shati haraka, nikalitupa kitini, nikaenda kufungua.

"Karibu."

"Mbona 'karibu' yako inalia kama bawaba?" Akanipita, mwavuli unadondosha maji sakafuni, na furushi jeupe kifuani. Akalibwaga juu ya kiti bila kuangalia. "Vya madhabahuni. Kikubwa kimoja, vidogo viwili."

"Wifi, mimi nafua tu. Sinyooshi."

"Wimbo huo nimeusikia miezi tisa, nimeshaukariri."

"Basi wapelekeeni wenye mashine."

Alisimama akanitazama. Ana macho ya kaka yake, na sikupenda kutazamwa nayo. "Kaka yangu amekinyoosha kitambaa hiki tangu mimi nina meno yote. Simpelekei mwenye mashine. Nitakuja saa kumi na moja. Kikiwa kimenyooka, sawa. Kikiwa na mikunjo, nitakitandika na mikunjo yake, na wakiniuliza nitasema ndivyo tulivyo mwaka huu."

"Usinihubirie."

"Sikuhubirii. Ningekuhubiria ungenipa hata chai." Akachukua mwavuli wake akaondoka.

Nilibaki nimefura. Majibu mazuri yote yalinijia alipokwisha kukata kona. Nikalikumbatia lile furushi, na vyote vilivyokuwa kitini, nikatoka navyo barazani, nikavitumbukiza kwenye beseni la nguo nyeupe. Humo yalikuwamo tayari mashati mawili ya mwalimu wa jirani, yakisubiri weupe wenzao.

Anayefua kwa miaka thelathini na minne hafui kwa macho. Mikono inajua. Inaloweka, inapaka sabuni, inafikicha, inakamua, na kichwa kinakwenda kinakotaka. Changu kilikuwa kinabishana na wifi. Nilimweleza kuhusu magoti yangu. Nilimweleza kuhusu ua moja. Nilisuuza kwa maji matatu nikimweleza, nikatia buluu ya kung'arisha weupe, nikatia wanga maana cha madhabahuni hakikubali kulegea, nikakamua. Kwa kuwa mvua haikuwa imekatika, nikafunga kamba chumba cha mbele na kuanza kuanika.

Wakati wa kuanika ndipo tunapotazama alama. Kila nguo ya mteja tunaishonea uzi kidogo, ndani ya kola au kwenye pindo, ili ya huyu isiende kwa yule. Ya kanisa ni uzi mwekundu, mishono mitatu. Ya mwalimu ni wa kijani. Kidole kinapita, kinaikuta, mkono unabana kibanio. Nikaanika vitambaa vitatu, nyekundu, nyekundu, nyekundu. Shati, kijani. Shati, kijani. Nikachukua jingine, kidole kikapita ndani ya kola, hakikukuta kitu.

Nikapitisha tena. Kola laini, hakuna mshono. Na katika nyumba hii nguo isiyo na alama ni moja tu. Ni ya kwetu.

Nikaangalia. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa cha manjano kidogo, nilikishona mwenyewe. Niliingiza uso wote ndani ya kola, maji yakinitiririka shingoni, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Sabuni. Sabuni, buluu na wanga. Nilikuwa nimelifua vizuri. Sijawahi kuacha harufu ndani ya nguo ya mtu, na sikuiacha.

Nilikaa sakafuni, chini ya kamba, na nikalia kwa sauti, kilio ambacho sikulia hata siku ya msiba, maana siku ile kulikuwa na watu. Nilimlaani wifi na furushi lake. Nililaani mikono yangu. Yupo mwingine niliyetaka kumwambia neno, na neno lenyewe lilifika kwenye meno, nikalimeza. Hatusemezani, nikajikumbusha. Usimpe hata hilo.

Sijui nilikaa muda gani. Maji yalidondoka kutoka kwenye nguo hadi kwenye nywele zangu, kisha yakapungua, kisha yakaacha. Saa nane ikapita, saa tisa. Shati lilibaki na unyevu, na mimi, hata nikiwa katika hali ile, nilijua kitakachofuata. Nguo yenye wanga ikilala na unyevu siku ya mvua inaota ukungu, madoadoa meusi, na hayatoki. Harufu ilikuwa imekwenda. Kama nisingefanya kitu, shati nalo lingekwenda.

Nikaingiza mkono chini ya meza nikavuta gunia.

Pasi ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka. Kifungo chake kina umbo la jogoo mdogo wa chuma, aliyekwisha kusuguliwa kishungi na kidole gumba cha mtu mmoja. Ndani kulikuwa na majivu ya mwezi wa tatu. Niliyamwaga. Nikachukua makaa jikoni kwa koleo, moja moja, nikafunga jogoo, nikasimama mlangoni nikaipunga huku na huku kama alivyofanya yeye, mpaka tumbo lake likawa jekundu na cheche zikarukia mvuani. Nikachovya kidole mate, nikagusa. Ikasema tsss. Nikasugua chini yake kwa kipande cha mshumaa alichokiacha kwenye kitambaa chake, kimefungwa vilevile. Kwenye blanketi la mezani kuna alama moja ya kuungua, umbo la pasi kamili. Hiyo ni ya siku nilipomwita nimeshikwa na uchungu wa kumzaa binti yetu. Katika maisha yake yote aliunguza mara hiyo tu.

Nikatandaza shati. Nikaanza na kola, kwa kuwa yeye alianza na kola.

Mvuke ukapanda, nikasikia harufu.

Nilisimama na pasi hewani. Pamba ya moto, mkaa, nta kidogo, wanga unaokauka. Ilikuwa ni yeye. Si ile chembe ya jasho niliyoipapasa kolani kila asubuhi, ni yeye mzima, anavyokuja mezani kula, anavyonipita mlangoni, anavyolala upande wake wa kitanda na kunigeukia. Miaka yote hiyo nimelala karibu na harufu ile, nikadhani ni ya mwili wake. Kumbe ilikuwa ya kazi. Nilikuwa nimetunza kola iliyokuwa inamwisha kidogo kidogo, na kilichompa harufu nimekifunga mwenyewe kwenye gunia, chini ya meza, hatua tatu kutoka nilipokuwa nalilia.

"Wewe," nikamwambia, "miezi tisa ulikuwa humu?"

Nilinyoosha taratibu, mikono, mgongo, kifua nikizunguka kifungo cha manjano. Nilikuwa nalia na nilikuwa nacheka, na machozi yalipodondoka juu ya shati niliyapitishia pasi, yakawa mvuke kama maji mengine. Desturi ilitaka neno. Lakini mwenye shati lile ungemwombea nini tena? Nikalitundika kwenye msumari wake. Nikanyoosha ya mwalimu, yote mawili, kimya. Nikanyoosha vitambaa vidogo.

Kikabaki kikubwa. Nikafuta meza. Nikakitandaza, kirefu, cheupe, mishono mitatu myekundu kwenye pindo. Chumba kilikuwa na joto sasa. Nje mvua ilikuwa bado inanyunyiza, na mbele yangu palikuwa na kiti kile, kitupu. Nilijua neno linalosemwa hapo. Halikuwa ombi, wala halikuwa kusamehe. Sikuwa nimesamehe, na sikuona sababu ya kumdanganya. Ni neno analosema mdogo kwa mkubwa hata kama jana waliachana vibaya. Pasi ilikuwa inapoa, na pasi haisubiri mtu amalize kununa.

Nikainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo," nikasema.

Sauti ilitoka imekwaruza, kwa kukaa sana. Hakukuwa na jibu. Nikashusha pasi nikakinyoosha, kutoka katikati kwenda pembeni, mpaka hakikubaki na mkunjo.

Saa kumi na moja wifi hakupiga hodi. Nilimwona tu amesimama kizingitini, mwavuli umefunguka bado, uso umembadilika.

"Nani ananyoosha humu?" akauliza.

"Nani mwingine?"

Akaingia kwa hatua ndogo, akakaa kwenye kile kiti, akafunika uso kwa ukingo wa mtandio. "Nimeisikia harufu tangu barabarani," akasema. "Nikasema, kaka yuko kazini. Nikatembea haraka, wifi. Nikatembea haraka kama mjinga."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nami nikaona haya. Miezi tisa nilikuwa na shati, na ilinitosha kwamba mimi ninalo. Haikunipitia akilini kwamba huyu alimjua kabla yangu, na hakuwa na hata kola ya kunusa. Nikalishusha shati kwenye msumari, bado linanukia pasi, nikamwekea mapajani. Alilikumbatia. Nilimwacha nalo nikaenda kuchemsha chai, na sikuharakisha.

Tulikunywa bila maneno mengi, jambo ambalo kwetu sisi wawili ni ajabu. Kiza kilipokaribia alikunja kitambaa cha madhabahuni juu ya mikono yake miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, nami nikamshikia mwavuli hadi mlangoni.

"Kesho utakuja?"

"Sijui, wifi. Sitaki kukudanganya siku kama ya leo. Nimemsalimia tu."

Alielewa ni nani. Aliwahi kusikia kaka yake akikisalimia kitambaa kile. Macho yake, yale ya kaka yake, yakanikazia.

"Ulimwamkia?"

"Nilimwamkia."

"Akaitikia?"

Nikatazama ndani. Pasi ilikuwa juu ya meza, bado inafuka, na shati lilikuwa limerudi kwenye msumari wake, limenyooka.

"Bado," nikasema. "Lakini tusimlaumu. Mimi nilikaa miezi tisa."